Mnara wa Pwani Nilioupaka Saruji

Vijana wangu, hasa nyie mnaofyatua tofali pale Maji ya Chai, na nyie mnaozunguka Kaloleni na ndoo yenye mwiko na pimamaji mkitafuta kibarua, mmenisumbua muda mrefu niwaeleze kazi. Mnataka siri. Mnadhani fundi akistaafu anabaki na siri kama tatu hivi amezificha chini ya godoro. Sina. Nina mgongo usiokunjika, nina vidole viwili vilivyoliwa na saruji mpaka kucha zikakataa kuota, na nina jambo moja ambalo kila mkiniuliza habari za ule mnara wa Tanga nalizungusha maneno na kuomba chai. Leo nitalisema. Nimechoka nalo.

Mtanisikiliza kwa mpangilio wangu, na mpangilio wangu si mzuri.

Mimi nilianza na mawe, si tofali. Aliyenifundisha ni Mzee Anaeli wa hapa Nkoaranga, mtu mfupi, mkali, aliyejenga misingi ya nyumba nyingi za mteremko huu, na sikumbuki kumwona akicheka siku ya kazi. Mwaka mzima hakuniruhusu kushika mwiko. Kazi yangu ilikuwa kugonga mawe. Anashushiwa lundo la mawe meusi ya mlimani, ananipa nyundo ndogo, ananiambia gonga, sikiliza. Jiwe zima linalia vizuri, lenye ufa linatoa sauti ya kopo bovu. Nilidhani ananichezea. Siku moja nikafanya ujeuri, nikapenyeza jiwe lenye ufa kwenye kona ya msingi nione kama atajua. Alipita, akaligonga mara moja tu, akanitazama. Nilibomoa kona ile peke yangu kwenye mvua ya masika, tope mpaka magotini, na mwenye nyumba amesimama mlangoni na kikombe chake ananihesabia mawe.

Nawaeleza haya mjue kwamba kusikiliza nilifundishwa. Nisije nikasingizia kwamba sikufundishwa.

Jiwe la Meru halina shida na mtu. Ukilipaka saruji linashika, ukilipiga lipu inakaa mpaka wajukuu wako wazeeke. Kwa hiyo nilipohamia mjini, nikapanga chumba Kaloleni, nilijikuta fundi wa lipu na mkono wangu ukapendwa. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wangu hukuti punje. Watu walikuwa wanaacha mafundi wa mtaani kwao wananifuata mimi. Nikawa na jina, nikaanza kuvaa saa kazini, nikaanza kuwajibu wateja kwa mkato. Mwanaume akishafika hapo masikio yanaziba, na mimi yaliziba yote mawili.

Lipu, kama mnavyojua, haishiki ukuta laini. Lazima kwanza uuharibu ukuta. Unashika tindo na nyundo, unaupiga madoa madoa uso mzima, unaupiga maji, ndipo unapaka. Fundi mvivu anaruka hatua hiyo na lipu yake inadondoka kabla ya sikukuu ya pili. Mimi sikuruka. Nilikuwa napiga tindo kila mahali, hata penye kona ambapo hakuna anayetazama. Na hilo ninalowasifia sasa hivi ndilo lililoniponza.

Sasa Tanga. Mwanangu wa mwisho alikuwa hajaanza shule. Leo ana watoto wawili. Mkandarasi mmoja alipata kazi ya kukarabati mnara wa kumbukumbu pale mjini, ufukweni kabisa, akanichukua mimi na mafundi wengine wanne wa huku mlimani. Nilikuwa sijawahi kuona bahari mpaka siku ile. Nilisema ni kubwa, nikarudi kupakua mifuko ya saruji.

Mnara wenyewe haukuwa mrefu, kama watu watatu wamebebana. Ulijengwa kwa matumbawe, mawe ya baharini yale yenye vitundu vitundu, ukapakwa lipu ya chokaa. Wenyeji walituambia kwamba babu zao waliujenga kwa ajili ya wapagazi, wale waliokamatwa kwenye vita ile ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza wakabebeshwa mizigo kuelekea bara. Wengi hawakurudi. Hakuna aliyejua walizikwa wapi, au kama walizikwa. Kwa hiyo mnara ule ndio ulikuwa kaburi lao wote.

Siku ya Ijumaa wanawake walikuwa wanakuja na chetezo cha udi. Wanakaa kwenye ngazi za mnara kidogo, halafu mmoja mmoja anainuka, anagusa mahali fulani kwenye lipu, anaondoka. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Huyu anagusa chini kushoto, yule ananyoosha mkono juu. Niliona hayo kwa macho yangu kila Ijumaa na sikujiuliza hata mara moja kwa nini huyu hagusi pale alipogusa mwenzake. Nilichoona mimi ni masizi ya udi na mafuta ya mikono, nikasema hapa pana kazi ya kusafisha.

Tulikuta fundi wa pale ameshaajiriwa, Mzee Sefu, fundi chokaa. Mwembamba, mpole, kofia yake haina doa hata akishinda kwenye vumbi. Alikuwa ananiita "ndugu yangu wa bara" na kuniletea kahawa asubuhi. Mzee Sefu alitaka tuchome matumbawe, tupate chokaa, tuiloweke shimoni miezi kadhaa tukiikoroga mpaka iwe laini, ndipo tupake. Miezi! Alinikalisha akanieleza kwa utaratibu, kama Mzee Anaeli lakini bila ukali. Jiwe hili, alisema, linanyonya unyevu wa bahari na chumvi yake, na mchana linautoa. Chokaa inaliacha lipumue. Saruji italifungia, chumvi ikose pa kutokea, na siku ikitoka itatoka na ngozi ya jiwe.

Tulicheka, mimi na wenzangu. Si mbele yake, tulikuwa na adabu kiasi hicho. Tulicheka jioni kwenye mgahawa. Jiwe linalopumua! Kwa wiki nzima mtu akikohoa tunamwambia pole, umefungiwa na saruji.

Mkandarasi alikuwa na haraka kwa sababu mnara ulitakiwa uzinduliwe. Akatuita wote wawili, akaniuliza mimi, mbele ya Mzee Sefu, fundi wa Arusha unasemaje? Nikasema saruji inatosha, wiki mbili nakukabidhi. Nilisema nikiwa nimeweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Mzee Sefu hakubishana. Alikusanya vifaa vyake, akanipa mkono, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo, ila kazi yake ilikuwa imeisha na mimi ndiye niliyeimaliza.

Tukajenga jukwaa, tukazungushia maturubai kuzuia upepo wa bahari usikaushe mchanganyiko. Mle ndani hakuna aliyetuona na sisi hatukuona nje. Nikapanda na tindo yangu.

Lipu ya zamani ilikuwa imejaa mikwaruzo. Safu kwa safu, kuzunguka mnara wote, mistari iliyopinda, vinundu, nukta juu, nukta chini, vyote vimechorwa kwa kitu kama msumari chokaa ikiwa bado mbichi, halafu chumvi imekula miaka yote hiyo. Nikasema watu wa pwani wanapenda nakshi. Mtaniuliza, hukuwahi kuona maandishi ya Kiarabu? Niliyaona, wanangu. Nimekaa Kaloleni, nilikuwa napita mlangoni pa msikiti kila siku, na juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya kijani, makubwa, yamenyooka. Haya hayakufanana na yale. Haya yaliandikwa na wajane na watoto, kila mmoja kwa mkono wake, mwingine anajua kuandika vizuri na mwingine hajui. Mimi niliona maua.

Upande wa nyuma, chini, palikuwa na jina moja nililoweza kulisoma, kwa herufi zetu hizi: NDEMASI MMERU. Nikawaita wenzangu. Tulicheka sana. Mmeru huku alikuwa anatafuta nini, samaki? Nililiandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nikampa msimamizi, maana niliagizwa kwamba nikikuta maandishi yoyote niyanakili. Halafu nikaweka tindo juu yake nikapiga.

Nilipiga mnara mzima siku tatu. Sikuacha mahali.

Siku ya nne, tukiwa tumeshapaka saruji nusu, nikasikia sauti ya Mzee Sefu nje ya turubai. Alikuwa amepita tu. Nilichungulia kwa juu, mwiko mkononi, saruji inaanza kukauka.

"Fundi, maandishi mmeyanakili?"

"Tumeyanakili, mzee."

"Yote?"

Hapo nilisita. Nisiwadanganye, nilisita. Mtu haulizi "yote" kwa jina moja. Lakini saruji ilikuwa inakauka, na kushuka jukwaa ni kazi, na kumuuliza "yote yapi?" ni kukubali kwamba kuna kitu mzee huyu anajua na mimi sijui.

"Yote," nikamwambia.

Akasema Mungu akubariki, akaenda.

Mnara ulitoka mweupe, laini, unang'aa. Nilipigwa picha mbele yake na nikaitundika sebuleni. Wengi wenu mmeiona. Miaka yote iliyofuata nilijisifu kwayo. Nikienda kuomba kazi naisema, kwenye harusi naisema. Pale kwenye jumuiya ya kanisa mtu akitaja pwani tu, naingilia. Mke wangu alifikia mahali akawa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Basi mwaka huu kwaya yetu ikaalikwa Tanga, na kwa kuwa nimeshastaafu sina hili wala lile, nikapanda basi nao. Njia nzima nilikuwa naongea mimi. Niliwaahidi kuwapeleka kwenye mnara wangu kabla hata hawajala chakula cha mchana, na mwenyekiti wa kwaya akakubali ili tu ninyamaze.

Tulipofika nilidhani nimekosea mahali. Saruji yangu ilikuwa imebanduka mabamba kwa mabamba. Nyingine ilikuwa chini, imerundikwa pembeni na wafagiaji. Jiwe lilikuwa uchi, limechimbika, ukiligusa linamwagika unga. Nikaokota bamba moja nikaligeuza. Upande wa ndani lilikuwa limebeba ngozi ya jiwe, limeing'ang'ania barabara, sawasawa na nilivyotaka ing'ang'anie. Kazi yangu ya tindo ilikuwa nzuri mno.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza kwa upole, "Baba Naftali, ndio huu?" Nikasema bahari ya huku ni mbaya. Nikawaambia waende kula, nitawafuata. Nilitaka wasinione uso.

Ilikuwa Ijumaa. Kwenye ngazi za mnara alikuwepo mwanamke wa makamo, chetezo pembeni, daftari la shule mapajani. Akaniamkia shikamoo, nikaitika, nikakaa mbali kidogo. Baada ya muda, kwa kutafuta neno la kusema, nikamuuliza kama anamfahamu fundi mmoja wa zamani, Mzee Sefu. Akasema ni baba yake, alishafariki. Yeye anaitwa Mwanaidi. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Arusha, huko Meru. Akanitazama mikono.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa nawakimbia kila Jumamosi mkija kwangu. Mkitaka fundisho, litafuteni wenyewe, mna akili. Mimi nitawaambia kilichosemwa tu.

Mwanaidi alinieleza kwamba saruji ilipoanza kuanguka, familia zilikwenda ofisi ya serikali iliyotoa kazi ile kuomba nakala ya majina, ili mnara ukijengwa upya yaandikwe tena. Wakapewa karatasi ya mfuko wa saruji yenye jina moja. Watu walilia pale pale ofisini. Wengine wakamgeukia Mzee Sefu, wakamwambia wewe ndiye fundi wa hapa, ulikuwa wapi? Hakujitetea kwa kumsema mtu. Alikaa na Mwanaidi akamtajia majina anayoyakumbuka, akamwandikisha kwenye daftari lile, safu kwa safu kama yalivyokuwa yamekaa ukutani, na pale asipokumbuka aliacha mstari mtupu. Mistari mitupu ilikuwa mingi. Wazee waliojua majina yale walikuwa wameshakufa, na watoto wao walikuwa wanajua mahali pa kugusa tu. Na hata alipougua, alikuwa anawatuliza watu. Alikuwa anasema yule ndugu yangu wa bara aliniambia ameyanakili yote, nilimuuliza mara mbili. Hawa wa ofisini wamepoteza, lakini yeye anayo. Ipo siku atakuja.

Alifunua daftari. Nikaona NDEMASI MMERU kwa herufi zetu, mstari wake peke yake, na mengine yote yamezunguka kwa maandishi yale, nukta juu, nukta chini. Hapo ndipo nilipoyajua. Wanangu, nimezika wazazi wote wawili na sikulia mbele za watu, lakini pale nililia.

Mwanaidi hakunibembeleza wala hakunigombeza. Aliacha nimalize. Halafu akaniuliza, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa na matumaini.

"Ndiye wewe, baba?"

"Ndiye mimi."

"Umetuletea?"

Nikamwambia sina. Nikamwambia yote, kwamba nilidhani ni maua, kwamba nilipiga tindo juu ya kila moja, kwamba alipouliza baba yake nilijibu ili aondoke. Nilisema nisamehe, mama. Akaweka kidole kwenye mstari mtupu, ule wa chini kushoto, mahali ambapo jirani yao mmoja alikuwa anagusa kila Ijumaa mpaka alipokufa.

"Lakini uliyaona," akasema. "Hakuna mwingine aliye hai aliyeyaona kwa karibu kama wewe. Basi usilisome. Lichore tu kama lilivyokuwa."

Akanipa kalamu. Nilifunga macho nikaurudisha ukuta ule, maana mkono wangu haujasahau ukuta hata mmoja. Nikaona doa la udi, nikaona mstari umepinda, umepanda, umekatwa, na nukta mbili pembeni yake. Nikauchora polepole, jasho linanitoka. Nilifurahi hata, kwa dakika moja, nikidhani nimempata mtu mmoja.

Mwanaidi akalichukua daftari akalitazama muda mrefu, midomo yake ikijaribu kulisoma. Akaligeuza juu chini, akalitazama tena. Akaniuliza zile nukta zilikuwa juu ya mstari au chini yake, kwa sababu ni majina mawili tofauti, na familia zote mbili zipo na zote mbili zinangoja.

Nikamwambia sijui. Nilikuwa natazama pa kupiga.